Gesi ya AC haiishi, inavuja

Barua za mwezi huu zimekuja pamoja na joto la kaskazi. Nyingi zinauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti: mbona gari imetiwa gesi juzi na leo inapuliza upepo wa moto? Tumechagua zile ambazo jibu lake litamfaa na mwengine, tukazifupisha. Majina ya walioandika tumeyaacha.

Assalaam alaykum. Naendesha Noah ya watalii. Kila miezi mitatu fundi ananitilia gesi, inapoza wiki chache kisha basi. Ananiambia gesi inakwisha haraka kwa sababu AC yangu inawaka mchana kutwa. Ipo gesi inayodumu zaidi?
*Dereva, Nungwi*

Waalaykumu salaam. Gesi ya AC si petroli. Haichomwi, hailiwi na kompresa, wala haipungui kwa kuwasha AC mchana kutwa. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: kompresa inaikandamiza, kondensa iliyo mbele ya rejeta inaipoza mpaka inageuka maji, vali ya kupanulia inaiachia kwa tundu dogo, na kwenye koili iliyo ndani ya dashibodi inachemka na kufyonza joto la abiria wako. Kisha inarudi kompresa. Gesi ileile inaweza kuzunguka miaka kumi. Kweli mipira hupitisha kidogo, gramu chache kwa mwaka, lakini gari inayomaliza gesi kwa miezi mitatu ina tundu. Huhitaji gesi nyengine, unahitaji tundu lizibwe.

Tafuteni kwa utaratibu huu. Kwanza macho: gesi inapotoka hutoka na oili, na oili hukamata vumbi. Panapovuja huonekana doa jeusi lenye mafuta. Angalieni viungo vya mabomba na oringi zake (pete za mpira), vidude vya kujazia gesi ambavyo ndani yake mna kijivali kama cha tairi, shingo ya kompresa nyuma ya puli, na uso mzima wa kondensa. Kwa gari zinazoshinda Nungwi, Paje au Jambiani tungeanza na kondensa. Chumvi ya bahari hukaa kwenye mapezi ya alumini, inayala taratibu, na matundu huanzia chini ambako uchafu na unyevu hukaa. Na Noah yako ina AC ya nyuma. Mabomba yake hupita chini ya gari, nayo huliwa na chumvi hiyohiyo na kugongwa na mawe. Fundi aliyetazama mbele tu hajatazama.

Macho yakishindwa, mfumo utolewe gesi, utiwe naitrojeni kavu mpaka psi 150 (psi ni kipimo cha presha kwenye geji), kisha upakwe maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Povu litasema. Ukiachwa saa moja na geji ikashuka bila povu kuonekana nje, shaka iende kwenye koili ya ndani ya dashibodi. Njia nyengine ni rangi inayowaka kwa taa ya zambarau, nayo inahitaji siku kadhaa za kutembea. Hewa ya kujazia tairi isitumike kamwe: imejaa unyevu, na R-134a, gesi ya AC ya magari mengi, ikichanganyika na hewa kwa presha kubwa inaweza kushika moto. Oksijeni ya wachomeleaji ni mbaya zaidi. Oksijeni yenye presha ikikutana na oili ya kompresa hulipuka.

Kuna chupa zinazouzwa za kuziba matundu kwa ndani. Msizitie. Ile dawa huganda inapokutana na unyevu, na unyevu haupo kwenye tundu pekee. Huziba vali ya kupanulia, na huharibu mashine ya fundi yeyote atakayeinyonya gesi yako baadae.

Jambo la mwisho kwako, na ndilo la gharama. Oili ya kompresa husafiri na gesi. Gesi ikipungua oili hairudi, kompresa inasaga kavu, na vipande vyake vya chuma vinatawanyika mpaka kwenye kondensa. Oringi moja iliyoachwa hivyo huishia kuwa kompresa, kondensa na draya (kikopo kinachokausha unyevu wa gesi).

Ninajifunza ufundi na nimeanza kazi ndogondogo za AC. Nina geji, pampu ya vakyumu na mtungi wa R-134a. Bwana mkubwa wangu anafungua nati gesi ya zamani itoke, kisha anatia mpya "mpaka geji ikae sawa". Je, ndivyo? Na bila mashine ya kunyonya nifanyeje?
*Mwanafunzi, Vitongoji, Pemba*

Swali zuri, na bwana mkubwa wako amekosea mara mbili. Tuanze na la pili.

Geji haikwambii gesi ni kiasi gani. Gari ikiwa imezimwa, ndani ya mfumo mna maji na mvuke pamoja, na presha yake inafuata joto la hewa tu. Kwa nyuzi 30 utasoma karibu psi 97 ikiwa ndani mna gramu 200 au gramu 600. Ikiwaka, presha inategemea mwendo wa injini, feni, joto na unyevu. Kipimo sahihi ni uzito. Nyanyua boneti utafute kibandiko: kimeandikwa aina ya gesi na gramu zake. Gari ndogo nyingi ni kati ya gramu 400 na 600. Zenye AC ya mbele na ya nyuma huzidi hapo. Kwa hiyo kifaa unachokosa kabla ya vyengine vyote ni mizani ya kidijitali inayosoma gramu 5 au chini yake. Bila mizani hutii gesi, unabahatisha.

Sasa kufungua nati. R-134a haitoboi tabaka la ozoni kama ilivyokuwa R-12 ya magari ya zamani, lakini kilo moja ikitoka hewani ina nguvu ya kupasha dunia joto kama kilo 1,430 za kaboni dayoksaidi, kwa hesabu ya miaka mia. Gramu 500 za gari moja ni sawa na kilo 715, yaani moshi wa kuchoma lita mia tatu na kitu za petroli. Bwana mkubwa anayefungua gari nne kwa wiki amechoma zaidi ya lita elfu moja bila kwenda popote. Tena gesi hiyo ingeweza kutumika, na ni pesa.

Bila mashine kuna njia ya pole pole ambayo inafanya kazi kwetu kwa sababu barafu ya samaki haikosekani. Chukua mtungi wa kunyonyea, ule wa chuma kizito wenye vali mbili na uliopigwa muhuri wa kurudiwa kujazwa. Upige vakyumu, yaani uunyonye hewa yote, upime uzito wake mtupu, kisha uzamishe kwenye ndoo ya barafu na maji. Unganisha na gari kwa geji, pande zote mbili wazi, injini imezimwa. Gesi hukimbilia penye baridi. Kwa barafu tupu gari itashuka mpaka karibu psi 28. Ukitia chumvi ya kutosha kwenye barafu ukafika nyuzi 10 chini ya sifuri, itashuka mpaka karibu psi 15. Kinachobaki ni kidogo. Ichukue saa nzima, hata zaidi, usiwe na haraka. Vali ifungwe kabla ya kuutoa mtungi kwenye barafu.

Mtungi huo usijae. Maji ya gesi yanatanuka kwa joto, na mtungi uliojaa pomoni hauna pa kutanukia. Ukiachwa juani unapasuka. Kikomo ni asilimia 80. Tazama muhuri wa uzito wa maji yanayoingia mtungini, uzidishe kwa 0.8: mtungi wa kilo 12 usitie zaidi ya kilo 9.6 za R-134a, nawe utakuwa upande wa salama. Na ule mtungi mwembamba wa kilo 13.6 uliokuja na gesi mpya ni wa safari moja. Usiujaze tena, hata kama umeona watu wanabadili vali yake.

Gesi uliyoinyonya kutoka gari unayoijua, isiyochanganywa, inaweza kurudi kwenye gari hiyohiyo ikipitishwa kwenye filta ya kukausha. Usiyoijua iwekee mtungi wake na uuandike wazi "mchanganyiko". Usiimwage ndani ya gesi safi ukadhani itapotea humo; itakuharibia mtungi mzima.

Baada ya kutengeneza tundu, kazi inakwenda hivi:

1. Badilisha oringi za kila kiungo ulichofungua, zile zinazofaa R-134a, ukizipaka oili ileile ya kompresa. Draya ibadilishwe mfumo ukikaa wazi. Chembe zake zimeshakunywa unyevu.

2. Rudisha oili iliyotoka. Kondensa mpya huongezewa mililita 30 hadi 40, koili ya ndani kiasi hichohicho au zaidi kidogo, draya 10 hadi 20. Kompresa mpya ni hesabu nyengine: mimina oili ya kompresa ya zamani kwenye kikombe cha kupimia, kisha acha kwenye mpya kiasi hichohicho. Wengi huiweka mpya na oili yake yote, na oili iliyozidi hukaa kwenye koili ikazuia baridi. Oili za PAG 46 na PAG 100 hazibadilishani. Soma kibandiko cha kompresa.

3. Piga vakyumu dakika 45 mpaka saa nzima. Hapa kwetu hewa ni nzito kwa unyevu, na pampu inachofanya ni kuyachemsha maji yaliyo ndani: kwa nyuzi 30 maji huchemka presha ikishuka hadi milibari 42. Dakika kumi hazitoshi. Unyevu ukibaki huganda kwenye vali ya kupanulia, AC inapoza dakika tano kisha inakata, na ukikaa zaidi hutengeneza asidi inayokula kompresa kwa ndani.

4. Funga vali za geji, zima pampu, subiri dakika 20. Sindano ikisogea, bado kuna tundu. Rudi mwanzo.

5. Mtungi juu ya mizani. Toa hewa iliyomo kwenye mpira wa manjano, ule unaotoka mtungini. Injini ikiwa imezimwa, tia gesi ya maji kwa upande wa presha kubwa mpaka isimame yenyewe. Funga vali nyekundu, ndiyo ya upande huo. Sasa washa gari na umalizie kwa mvuke, upande wa buluu tu (wa presha ndogo), mtungi ukiwa wima, injini mizunguko 1,500 kwa dakika, feni ya ndani juu kabisa, milango wazi. Simama kwenye gramu za kibandiko, ukikumbuka kuwa mipira mirefu hubaki na makumi ya gramu ndani yake.

Vali nyekundu usiifungue injini ikiwaka. Presha ya upande ule itarudi ndani ya mtungi wako, na mtungi mwembamba hauwezi kuistahamilia. Gesi ya maji nayo usiitie upande wa buluu kompresa ikizunguka. Kompresa inakandamiza mvuke, maji hayakandamiziki.

Kwa joto la nyuzi 30 au zaidi kidogo, mfumo usio na kasoro husoma psi 30 hadi 45 upande mdogo na 180 hadi 250 upande mkubwa, na upepo wa tundu la kati la dashibodi unatoka nyuzi 7 hadi 12. Siku ya unyevu mwingi usitarajie nyuzi 4.

Nina Toyota Aqua. Fundi alibadilisha bomba la AC, akatia oili na gesi. Wiki ya pili taa nyekundu imewaka na gari inakataa kuwaka. Anasema AC haihusiani.
*Msomaji, Mombasa, Unguja*

Inahusiana sana. Aqua ni haibridi, gari ya petroli na umeme, na kompresa yake haizungushwi na mkanda. Ina mota ya umeme ndani yake, na oili inazunguka katikati ya nyaya za umeme mkubwa. Ndiyo maana imewekewa oili ya aina ya POE isiyopitisha umeme, ambayo kwa kompresa za Denso huitwa ND-OIL 11. PAG ya magari ya kawaida hunywa unyevu na hupitisha umeme. Kiasi kidogo tu kikiingia, umeme huanza kuvujia kwenye bodi ya gari, kompyuta inauona, na gari inajifungia ili isikuumize. Mwambie asome kodi za hitilafu kwenye kompyuta ya gari; P0AA6 ndiyo inayohusu kuvuja kwa umeme mkubwa.

Dawa yake si kuongeza POE juu ya PAG. Kompresa hubadilishwa, na sehemu nyengine husafishwa au hubadilishwa kwa sababu oili imeshaenea kote. Anayefanya kazi hiyo awe na mipira ya geji ya haibridi peke yake, kwani mabaki ya PAG ndani ya mipira ya kawaida yanatosha kuleta balaa. Hata rangi ya kutafutia tundu iwe ile iliyotengenezwa kwa POE. Na nyaya za rangi ya chungwa haziguswi mpaka plagi ya kukatia umeme imetolewa, dakika 10 zimepita, na fundi amevaa glavu za umeme. Fundi asiyekuwa na glavu hizo asiifungue kompresa ya Aqua.

Kuna mtu Wete anatia gesi ya jiko kwenye AC za gari. Anasema inapoza kuliko ile ya dukani na bei yake ndogo. Ni kweli?
*Dereva wa daladala, Konde*

Kweli inapoza, propani na butani ni vipoza-joto vizuri, na friji nyingi mpya za nyumbani zinatumia jamaa yake. Lakini friji hiyo ina makumi ya gramu tu na imeundwa kwa gesi hiyo. Gari yako ina koili ndani ya dashibodi, mbele ya abiria, na karibu yake kuna feni na rilei zinazotoa cheche. Koili ikitoboka usiku madirisha yamefungwa, asubuhi unawasha gari iliyojaa gesi ya jiko. Ajali ya mbele nayo hupasua kondensa kabla ya kitu chengine chochote. Tena gesi ya jiko imetiwa harufu ya kemikali ya kibiriti na haikukaushwa kwa kazi hii, kwa hiyo hata kompresa haiipendi.

Ikiwa umeshatia, usimpelekee fundi mwengine bila kumwambia. Mashine ya kunyonya R-134a haikujengwa kwa gesi inayowaka.

Nauza vipuri na ninaletewa mitungi ya R-134a ya bei tofauti sana. Nitajuaje iliyo ya uongo?
*Mfanyabiashara, Darajani*

Bei ndogo mno ndiyo dalili ya kwanza. Rangi ya mtungi si ushahidi: R-134a ilizoeleka kwa buluu ya mbingu, ila mtungi wowote unapakika rangi, na utaratibu wa rangi wenyewe umeachwa na watengenezaji wengi.

Kipimo rahisi ni presha. Uache mtungi kivulini usiku kucha, pima joto la chumba na mtungi alfajiri kabla jua halijaupata, kisha funga geji. R-134a safi husoma hivi, kwa kukaribia: nyuzi 24, psi 79; nyuzi 26, psi 85; nyuzi 28, psi 91; nyuzi 30, psi 97; nyuzi 32, psi 104. Ikizidi kwa psi tano na zaidi, ndani mna hewa au gesi nyengine. R-22, gesi ya AC za majumbani, kwa nyuzi 30 ingekuwa karibu psi 158, kwa hiyo hata ikichanganywa kidogo hujitokeza.

Ila kuna udanganyifu ambao geji haiuoni. Wachanganyaji huchukua R-40, yaani kloridi ya methili, yenye presha ndogo kidogo kuliko R-134a, wakaitia pamoja na R-22 yenye presha kubwa, na jumla ikatoka sawasawa na jedwali. R-40 ni sumu, inawaka, na mbaya zaidi inakula alumini. Ndani ya kompresa hutengeneza kitu kinachoshika moto chenyewe mara kikigusa hewa. Mwaka 2011 makontena ya baridi yaliyotiwa gesi ya namna hiyo yalilipuka na kuua watu watatu, Vietnam na Brazil. Gari nazo zimejaa alumini, kuanzia kompresa hadi kondensa.

Anayenunua mitungi mingi anunue na kifaa cha kutambua gesi, kinachosoma asilimia ya kila aina. Ni ghali kwa fundi mmoja, lakini maduka matatu ya Darajani yanaweza kushirikiana. Na kila shehena idai karatasi ya mtengenezaji yenye namba ya toleo inayofanana na ile iliyopigwa kwenye mtungi.

Nimesikia R-134a imepigwa marufuku mwaka 2024. Nibadilishe gari? Na huku kwetu sheria inasimamiwa na nani?
*Mwalimu wa skuli, Mkoani*

Usibadilishe gari, mwalimu. Habari hiyo imepotoka njiani.

Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 ndiyo iliyoondoa gesi zinazotoboa ozoni, ikiwemo R-12 ya magari ya zamani. Tanzania ilijiunga mwaka 1993. R-22 ya AC za majumbani ni ya kundi hilo na inaendelea kupunguzwa: kwa nchi zinazoendelea, matumizi yake yalitakiwa yashuke kwa asilimia 67.5 kufikia 2025, na kufikia 2030 yabaki asilimia 2.5 tu kwa ajili ya matengenezo. R-134a haikuwa kwenye orodha ile kwa kuwa haigusi ozoni. Iliingizwa na Marekebisho ya Kigali ya Oktoba 2016, kwa sababu ya joto. Kwa kundi la nchi zinazoendelea ambamo Afrika imo, 2024 ulikuwa mwaka wa kusimamisha, yaani matumizi ya nchi yasizidi kiwango chake. Kupunguza kunaanza 2029 kwa asilimia 10, kisha 30 mwaka 2035, 50 mwaka 2040 na 80 mwaka 2045. Gari yako itaendelea kutengenezwa. Kitakachobadilika ni bei, na upatikanaji wa gesi ya halali kwa anayeipoteza ovyo.

Mikataba hiyo ni ya Jamhuri ya Muungano, lakini mazingira si jambo la Muungano. Visiwani tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar, namba 3 ya 2015, na mamlaka yake ni ZEMA. Mwenye kutaka kuingiza mitungi au kufungua gereji ya AC aende ZEMA kwanza aulize vibali na masharti, hata ikiwa mzigo unatoka Dar es Salaam. Kibali cha Bara asikichukulie kuwa kimemaliza kazi.

Nimenunua gari ya Ulaya ya 2019. Kibandiko kimeandikwa R-1234yf na mafundi wanasema watatia R-134a "ni ileile".
*Msomaji, Fumba*

Si ileile. Presha zinakaribiana, na hapo ndipo wanapodanganyika, lakini oili ni tofauti na koili zake zimejengwa kwa gesi inayoweza kuwaka kidogo. Ulaya inalazimisha gari mpya zote tangu 2017 zitumie gesi ambayo nguvu yake ya kupasha dunia joto ni chini ya mara 150 ya kaboni dayoksaidi. R-1234yf ni chini ya 5, R-134a ni 1,430. Vichwa vya kujazia vimefanywa tofauti makusudi, na nati ya mtungi wake inafungwa kwa kuzungusha kushoto. Fundi akikwambia ana adapta, mkimbie. Gesi yake ni ghali mara kadhaa, basi kosha kondensa na uitunze.

Naweza kupanda boti na mtungi wa gesi ya AC kutoka Malindi kwenda Mkoani?
*Fundi, Chake Chake*

Usiufiche kwenye mzigo. R-134a ni gesi ya presha isiyowaka, namba yake ya usafirishaji ni UN 3159. R-1234yf ni ya kundi la zinazowaka, UN 3161. Mwambie wakala wa boti kabla ya kukata tiketi, naye aseme kama anaichukua na ikae wapi. Mtungi usimame wima, ufungwe usigaragare, kofia ya vali iwepo, kivulini, mbali na injini. Kikomo cha joto ni nyuzi 52. Buti la gari iliyoachwa juani bandarini linaweza kuvuka hapo, kwa hiyo ukishuka Mkoani usiuache garini ukaenda kunywa chai.

Gesi imenirukia mkononi na ngozi imekuwa nyeupe. Mwenzangu naye alipata kizunguzungu ndani ya shimo la gereji.
*Fundi, Mwanakwerekwe*

Gesi ya maji huchemka kwa nyuzi 26 chini ya sifuri, kwa hiyo ngozi yako imeganda. Tia mkono kwenye maji ya uvuguvugu dakika 20. Usiusugue, usipake mafuta, usiupashe moto. Ikitoka lengelenge nenda hospitali. Jicho lioshwe kwa maji safi dakika 15 na uende hospitali hapohapo, hata kama huumwi. Miwani na glavu ndefu vingekuokolea yote haya.

Mwenzako alikosa hewa. Gesi hizi ni nzito kuliko hewa, hujaa shimoni kama maji na hazina harufu ya kukuamsha. Zikizidi hata mapigo ya moyo huvurugika. Mtu akianguka shimoni usimfuate kichwa kichwa. Tia feni, fungua milango, kisha mtoe. Na pahali penye gesi msichomelee wala msivute sigara: R-134a ikipita motoni hutoa asidi ya floridi, na R-22 hutoa sumu kali zaidi. Ukisikia harufu kali inayochoma pua, wote nje.

AC inapoza nikiwa njiani kwenda Makunduchi, lakini kwenye foleni ya Darajani inapuliza moto. Fundi ameongeza gesi mara mbili, imezidi kuwa mbaya.
*Dereva wa teksi, Amani*

Gari ikienda, upepo wa barabara ndio unaopoza kondensa. Ikisimama ni feni. Basi simamisha gari, washa AC, nenda mbele utazame kama feni ya kondensa inazunguka kwa nguvu. Ikiwa haizunguki, angalia fyuzi, kisha rilei, kisha mota yenyewe. Ikiwa inazunguka, mulika taa katikati ya kondensa na rejeta: mara nyingi utakuta manyoya, majani na mchanga uliogandiana na chumvi. Oshea kwa mpira wa maji baridi ya bomba, kutoka upande wa injini kwenda nje, bila mashine ya presha kwani inalaza mapezi. Maji ya kisima kilicho karibu na pwani yaonje kwanza. Yakiwa na chumvi utakuwa unaiongeza.

Gesi aliyoongeza mara mbili sasa ni tatizo la pili. Itolewe yote ndani ya mtungi, ipimwe kwenye mizani, na irudishwe ile iliyoandikwa kwenye kibandiko tu.